Kusikiliza Kabla ya Kupiga Kura: Somo Kutoka kwa Marafiki



Mpendwa msomaji, naomba nianze somo hili na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa katika mwaka wangu wa uchungaji, nilipangiwa parokia moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nilisaidia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kadhaa, mojawapo maeneo ya Kariakoo. Jumuiya hiyo ilikuwa ikikutana kila Jumamosi saa 12:30 asubuhi kwenye korido ya ghorofa ya pili, kabla wenye maduka hawajafungua na kabla spika za matangazo hazijaanza kupiga kelele huko chini.

Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na kizimba sokoni, na mali yake yote iliteketea. Wiki chache baadaye jina lake lililetwa kwenye kikao: je, asaidiwe kutoka mfuko wa kusaidiana? Tatizo lilikuwa moja. Alikuwa hajatoa mchango kwa miezi minane, na katiba ya jumuiya ilisema anayekosa miezi mitatu hasaidiwi. Walizungumza watu wawili tu, wale wale wanaozungumza kila Jumamosi. Kisha mwenyekiti akaniuliza, "Frateri unasemaje?" Nikajibu kwamba katiba ifuatwe. Tukanyoosha mikono: 14 dhidi ya 6. Tukasali sala ya kufunga, kila mtu akawahi kazini.

Mama yule alikuja mara mbili zaidi, kisha hakuonekana tena. Miezi mingi baadaye nilimkuta akiuza karanga pembeni mwa Mtaa wa Msimbazi. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," nikamwomba radhi. Akasema, "Frateri, kunyimwa nilikuzoea. Lakini mlinyoosha mikono nikiwa nimekaa pale pale, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini sikulipa." Kumbe miezi ile minane alikuwa akimuuguza mama yake mzazi.

Hatukuvunja sheria yoyote. Tulifuata katiba, tukapiga kura kwa haki, tukasali mwanzo na mwisho. Lakini hatukumsikiliza mtu. Baadaye, katika somo la ekumeni, nilikutana na kikundi cha Wakristo ambao kwa zaidi ya miaka 350 wamejaribu kuamua mambo yao bila kupiga kura hata moja. Wanajiita Marafiki, na wengi wanawajua kwa jina la Wakweka. Somo hili linauliza swali moja: sisi Wakatoliki tunaweza kujifunza nini kwao?

1. Je, inaruhusiwa kujifunza kwao?

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake juu ya ekumeni, *Unitatis Redintegratio* (21 Novemba 1964), namba 4, unatufundisha kwamba mambo ambayo neema ya Roho Mtakatifu inayatenda mioyoni mwa ndugu zetu waliotengana nasi yanaweza kutujenga na sisi pia. Basi kujifunza kwa ndugu si kuikana imani yetu.

2. Marafiki ni nani?

Walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kiongozi wao wa kwanza aliyejulikana sana alikuwa George Fox (1624–1691). Alifundisha kwamba Kristo mwenyewe anaweza kusema na kila mtu, na kwamba nuru yake humwangaza kila binadamu (rej. Yn 1:9). Jina la Wakweka, lenye maana ya "watetemekao", walipewa kwa kejeli, wao walipenda kuitwa Marafiki (rej. Yn 15:14-15).

Katika Afrika Mashariki si wageni. Mwaka 1897, mwaka ule ule ambao Sultani wa Zanzibar alitoa amri ya kuondoa nguvu ya kisheria ya utumwa, Marafiki wa Uingereza walifungua misheni Banani, kisiwani Pemba. Huko waliendesha shamba la karafuu ambako watu waliotoka utumwani walifanya kazi kwa ujira. Kwa kulinganisha, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, nao walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo, katika pwani hii, sisi na wao tulikutana mbele ya jeraha lile lile.

Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wapo pia Burundi, Rwanda, Uganda, Kongo na hapa kwetu Tanzania.

Ni vizuri kuwa wakweli hapa. Ukiingia Kanisa la Marafiki huko Kaimosi siku ya Dominika, hutakuta watu wamekaa kimya saa nzima. Utakuta mchungaji, nyimbo, kwaya na mahubiri. Ibada ya kimya ndiyo mtindo wa zamani, na bado inafuatwa hasa Uingereza na sehemu za Marekani. Kinachowaunganisha pande zote mbili ni zile desturi nyingine: kuamua bila kura, kusema kweli, na kutafuta amani.

3. Kimya cha pamoja

Katika ibada ya mtindo wa zamani, watu huingia, huketi na kunyamaza. Hakuna altare wala mimbari. Baada ya muda, mtu mmoja akiona ndani yake neno ambalo si lake peke yake, husimama, hulisema kwa ufupi na kuketi. Kisha kimya hurudi, ili neno lile lipate kupokelewa. Hakuna anayesimama mara moja kumjibu. Mara nyingine saa nzima hupita bila mtu kusema. Mwisho wa ibada hujulikana watu wanapopeana mikono.

Msingi wake wa Maandiko si mgeni kwetu. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho waseme mmoja mmoja, wengine wakipima, na anayesema anyamaze mwingine akifunuliwa jambo (1Kor 14:29-33). Nabii Eliya alimtambua Bwana baada ya upepo, tetemeko na moto, katika sauti ndogo ya utulivu (1Fal 19:11-13).

Je, sisi tunacho kimya? Tunacho, tena kimeandikwa. *Sacrosanctum Concilium* namba 30 inataka kimya kitakatifu kitunzwe kwa wakati wake. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kiroma namba 45 unataja nyakati hizo: katika tendo la toba, baada ya padre kusema "Tuombe", baada ya somo au homilia, na baada ya Komunyo. Lakini tuseme ukweli. Katika parokia zetu nyingi za mjini, padre akisema "Tuombe" haipiti hata pumzi moja. Baada ya Komunyo kwaya inaingia na wimbo wa pili, kisha matangazo. Mwamini aliyetoka Kariakoo, ambako tangu alfajiri amesikia honi za bodaboda, spika za maduka na wapiga debe, anatoka kanisani bila kupewa hata dakika 2 za kusikiliza.

Kimya cha pamoja si kila mtu kuwa peke yake na mawazo yake. Ni jumuiya nzima kumpa Mungu nafasi ya kusema kwanza.

4. Kikao kisicho na kura

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa zaidi kwetu. Kikao cha Marafiki cha kuamua mambo, yawe ya fedha, majengo au watu, huchukuliwa kuwa ibada. Utaratibu wake kwa kifupi ni huu:

- Kikao huanza na kimya, na kimya hurudi wakati wowote mazungumzo yanapopamba moto.
- Anayeongoza huitwa karani. Kazi yake si kushawishi upande wowote, bali kusikiliza na kutambua kikao kinaelekea wapi.
- Mmoja husema, kisha huachwa nafasi kabla ya mwingine kusema. Aliyekwisha kusema hasimami tena na tena kurudia hoja yake.
- Karani huandika azimio hapo hapo, hulisoma, na wote huulizwa kama ndilo kweli.
- Wasipofikia umoja, jambo huahirishwa. Hakuna wengi kuwashinda wachache.

Angalia tofauti. Kura huuliza: *wangapi wanataka?* Kikao cha Marafiki huuliza: *Mungu anataka nini kwetu, na ni nani bado hajasikilizwa?* Mtu anayepinga si kikwazo cha kuondolewa. Huenda ndiye anayeona kitu ambacho wengine hawajakiona. Kama tungeuliza swali hilo la pili asubuhi ile pale ghorofani, mama yule angesema. Na huenda wale 6 waliokataa wangepewa nafasi ya kueleza sababu zao.

Hata hili lina mizizi katika nyumba yetu. Katika Mtaguso wa Yerusalemu mitume na wazee walijadiliana, umati ukanyamaza na kuwasikiliza Barnaba na Paulo, na mwishowe wakaandika kwamba uamuzi ni wa Roho Mtakatifu pamoja nao (Mdo 15:12, 28). Mtakatifu Benedikto, ambaye wana wake walijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hapa Dar es Salaam, aliagiza katika sura ya 3 ya Kanuni yake kwamba ndugu wote waitwe kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Na katika Sinodi juu ya Kanisa la Kisinodi, Oktoba 2023 na Oktoba 2024, wajumbe walikaa kwenye meza za duara wakitumia "mazungumzo katika Roho": kila mmoja husema, hufuata kimya, kisha kila mmoja hueleza kilichomgusa katika maneno ya wenzake, kimya tena, ndipo wanajadili. Anayewafahamu Marafiki hawezi kukosa kuona undugu.

Tofauti ibaki wazi pia. Kwetu paroko ana wajibu wake, na Sheria ya Kanisa (kan. 536 §2) inasema baraza la kichungaji la parokia lina kura ya ushauri tu. Lakini mchungaji anayeamua bila kusikiliza anajinyima msaada aliowekewa na Kanisa lenyewe.

5. Subira nayo ina gharama

Tusiwapambe Marafiki kuliko wanavyostahili. Utaratibu wao una udhaifu, na historia yao wenyewe inaushuhudia.

Mwaka 1688, Marafiki wanne wa Germantown, huko Pennsylvania, waliandika barua wakipinga utumwa. Kikao chao kiliona jambo ni zito, kikalipeleka kikao cha juu, nacho kikalipeleka juu zaidi, hadi likawekwa kando. Sababu ilikuwa wazi: Marafiki wengi matajiri walikuwa na watumwa, na umoja haukupatikana. Katika karne ya 18 fundi cherehani mmoja, John Woolman (1720–1772), alitembea nyumba kwa nyumba akizungumza na wenye watumwa kwa upole. Alipopewa malazi na huduma, aliacha fedha kwa ajili ya wale watumwa waliomhudumia. Mwaka 1758 kikao cha mwaka cha Philadelphia kilichukua hatua dhidi ya wanachama walionunua na kuuza watumwa. Mwaka 1776 kikaamua kwamba mwenye watumwa hawezi kubaki mwanachama.

Kutoka 1688 hadi 1776 ni miaka 88. Marafiki hufurahi kusema kwamba waliacha utumwa mapema kuliko makanisa mengi, bila kugawanyika kwa kura, na ni kweli. Lakini waliosubiri miaka hiyo 88 hawakuwa ndani ya kikao. Walikuwa mashambani.

Somo kwetu ni hili: kusubiri umoja ni utakatifu pale tu ambapo anayeumia naye yumo ndani ya chumba na anasikilizwa. Akiwa nje, subira yetu inaweza kuwa njia ya adabu ya kumkwepa. Nanyi waseminari mnaojiandaa kuongoza vikao, mkae na swali hili: katika kikao hiki, ni nani anayelipa gharama ya sisi kuchelewa?

6. Neno moja sokoni

Marafiki wa kwanza walikuwa pia wafanyabiashara wadogo na mafundi. Walichukua kwa uzito mafundisho ya Bwana juu ya kiapo (Mt 5:33-37, taz. pia Yak 5:12), wakakataa kuapa hata mahakamani, na wengi waliteseka magerezani kwa sababu hiyo. Walisema: nikiapa leo kwamba nasema kweli, maana yake siku nyingine huwa nasemaje?

Msimamo huo waliupeleka dukani. Katika masoko ya Uingereza ya wakati ule kila kitu kilipatanwa, kama Kariakoo. Marafiki wakataja bei moja tu, ile waliyokusudia kuuzia. Mwanzoni wateja waliwakimbia. Baadaye watu waligundua kwamba unaweza kumtuma hata mtoto kwenye duka la Rafiki na asipunjwe, na biashara zao zikastawi.

Sasa tutembee Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi. "Dada karibu, bei ya kwako ni 25,000." "Mwisho shilingi ngapi?" "Haki ya Mungu, mimi mwenyewe nimechukua kwa 18,000." Naye alichukua kwa 9,000. Pembeni yupo winga, aliyemleta mteja, ambaye ameongeza cha juu chake bila mteja kujua. Kisha swali la mwisho: "Na risiti, au bila risiti?"

Sisemi kwamba kupatana bei ni dhambi. Kwetu kupatana ni mazungumzo. Watu hutaniana, hupunguziana, na mteja wa kudumu hupewa bei ya udugu. Wala Kanisa halikatazi kila kiapo. Katekisimu (namba 2154) inakubali kiapo kwa sababu nzito na ya haki. Lakini shati si sababu nzito. Kulitaja jina la Mungu juu ya bei ya uongo ni kulitaja bure, na muuzaji Mkatoliki aliyepokea Ekaristi asubuhi analijua hilo. Anachotukumbusha Rafiki ni kwamba imani inapimwa kwenye kaunta, na kwamba anayetuma mtoto dukani kwako bila wasiwasi amekwisha kutoa ushuhuda juu yako.

7. Tusichoweza kuchukua kwao

Marafiki hawana Ubatizo wa maji wala Ekaristi, kwa sababu wanaamini kwamba maisha yote ni sakramenti na hayahitaji ishara za nje. Hapa tunatofautiana nao kwa ndani kabisa. Sisi tunaamini kwamba Neno alitwaa mwili, na kwamba anaendelea kutugusa kwa maji, mafuta, mkate na divai. Kimya hakiwezi kuchukua nafasi ya Misa. Kinaweza kutusaidia kuiadhimisha tukiwa macho.

8. Tuanzie wapi?

Napendekeza mambo manne ambayo jumuiya inaweza kuyajaribu kwa miezi mitatu, kwa idhini ya paroko:

1. *Dakika 3 za kimya* baada ya Injili katika ibada ya jumuiya, kabla ya mtu yeyote kushirikisha neno. Mmoja ashike saa, maana dakika 3 kwa asiyezoea ni ndefu.
2. *Asiyesema aulizwe.* Kabla ya kufunga jambo, kiongozi auzunguke mduara mmoja mmoja. Mtu anaruhusiwa kusema "napita", lakini asirukwe.
3. *Jambo linalomhusu mtu lisiamuliwe kabla ya kumsikia.* Apewe nafasi, na kama ni jambo la aibu, watu wawili wamtembelee nyumbani kwanza.
4. *Azimio lisomwe hapo hapo* na katibu, na wote waseme kama ndilo. Jambo lisiloeleweka lisubiri Jumamosi ijayo, isipokuwa kama kusubiri kunamuumiza mtu.

Nilimweleza mama yule kwamba ninaandika makala hii, nikamwomba ruhusa ya kusimulia habari yake bila jina. Akakubali. Nilimuuliza kama angerudi jumuiyani. Alinifungia karanga kwenye karatasi, akasema, "Waje kwanza kuniuliza." Nimewafikishia ujumbe wake viongozi wa jumuiya ile.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika Misa ya parokia yenu, kimya kinapatikana wapi, na kinaliwa na nini?
2. Kumbuka uamuzi mmoja wa jumuiya yenu uliopitishwa kwa kura. Ni nani ambaye hakusikilizwa?
3. Soma Mdo 15:1-29. Orodhesha waliosema na walionyamaza. Umoja ulipatikanaje?
4. Kwa wafanyabiashara: ni sentensi gani unayoisema kila siku kwa mteja ambayo usingependa kuisema mbele ya Ekaristi?
5. Kuna mtu aliyeacha kuja jumuiyani mwaka huu. Nani atakwenda kumuuliza, na siku gani?